Kipng'eno Aende Kuwinda Wapi?

Nakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Sosiot, mwanangu, mimi na marehemu baba yangu tukiwa tumeinamia meza ya sebuleni, tukitazama milima ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Ilikuwa milima ya Marekani, imechapishwa kwenye karatasi tatu nilizozitoa kwenye saiba, duka la intaneti, mjini Kericho. Baba alikuwa ameweka kopo la sukari juu ya karatasi ya kwanza ili isijikunje, na kidole chake kilikuwa kikifuata mstari wa buluu ambao yeye aliuita mto, nami sikuwa na hakika kama haukuwa mpaka wa wilaya fulani ya huko.

"Hapa ng'ombe watakunywa," akasema.

Nikamkumbusha kwa heshima kwamba hatuzungumzii ng'ombe. Akanitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyepotea njia, na kusema kweli nilikuwa nimepotea. Nilikuwa nimemaliza chuo, nafundisha watoto wa watu jiografia, nikisimama kila siku mbele ya ramani na kuielekeza kwa rula, na bado karatasi zile tatu zilinizungusha kichwa. Ngoja nikueleze tulivyofika kwenye meza ile, kwa sababu siku hizi nanyi mnasafiri mbali, na huenda siku moja mtu wenu akawauliza swali linalofanana na lile.

Kaka yangu Kipng'eno alinitangulia kuzaliwa. Miguu yake ndiyo iliyompeleka Marekani. Alikimbia vizuri shuleni, chuo kikuu kimoja cha huko kikamchukua, naye alipomaliza masomo akapata kazi na kubaki katika mji mdogo ulio chini ya milima. Mama yetu alipofariki, hati za kaka za kusafiria zilikuwa zimekwama katika ofisi fulani, na kama angetoka bila hizo asingeruhusiwa kurudi. Hakuja kumzika mama. Siku ya mazishi majirani walipouliza aliko kifungua mimba, Baba alijibu maneno machache tu, "Mwanangu yuko mbali," akageuka kushika koleo.

Hakumlaumu, mwanangu, hilo nalisema wazi. Lakini tangu siku hiyo hakuishika simu ya Kipng'eno tena. Nilipomwambia kwamba kaka anamsalimu, alisema salamu zimefika, kisha akatoka kwenda kwa ng'ombe wake. Na kaka naye alipokuwa akipiga, aliuliza hali ya mvua, bei ya majani chai, afya ya shangazi, halafu mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayevaa koti ili aondoke, akaniambia nimsalimie Baba. Mimi nikawa katikati. Sikujua kama Baba amekasirika au ana haya. Sikujua kama kaka anaogopa au amesahau. Nilibeba salamu zao kwenda na kurudi bila kujua nimebeba nini.

Basi jioni moja, ambayo kwake ilikuwa asubuhi, Kipng'eno alinipigia na kuniambia jambo nililodhani ni mzaha. Alikuwa amepata kibali cha kuwinda. Kule, alisema, watu wengi anaofanya nao kazi huenda milimani kila msimu wa baridi unapokaribia, wakaleta nyama ya kuwatosha hadi theluji iyeyuke. Mnyama mwenyewe ni wa jamii ya kulungu, ila si kulungu wetu huyu: ana masikio makubwa kama ya punda na pembe zenye matawi. Wapo watu ambao kazi yao ni kuwaongoza wageni katika uwindaji huo, kuwaonyesha njia na kuwapikia, lakini yeye hakutaka kiongozi. Angeenda peke yake. Sehemu za kwenda zilikuwa tatu, na hakuweza kuamua.

"Muulize Baba niende wapi," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilisikia tu gari likipita upande ule wa dunia.

Nilimkuta Baba akikamua. Nilimweleza yote kwa haraka, nikiwa tayari kusikia kwamba salamu zimefika. Mikono yake ikasimama, ng'ombe akageuza kichwa kuona kuna nini.

"Amesema aniulize mimi?"

"Ndiyo, Baba."

"Mimi?"

Akaendelea kukamua hadi ndoo ikajaa. Alipokuwa akifungua mlango wa zizi ndipo aliponiambia nimwambie alete habari za hizo sehemu zote, asiache kitu.

Hapo nikaogopa. Nilijua kwamba kama swali lile lingekosa jibu, au lingejibiwa kwa kejeli, kaka asingeuliza kitu kingine tena, na Baba asingeulizwa. Wote wawili walikuwa watu wa kunyamaza. Ungefika wakati ambapo mmoja wao angezikwa na mwingine akisema tu kwamba fulani yuko mbali. Kwa hiyo, kijana, usishangae ukisikia kwamba mwalimu mzima alikuwa akitoka darasani na kwenda mbio saiba kusubiri picha za milima zifunguke.

Sehemu ya kwanza ilikuwa tambarare kavu karibu na mji, yenye vichaka vifupi vya rangi ya majivu. Wanyama wapo, kaka alieleza, lakini wawindaji nao ni wengi, na madume wakubwa wamejifunza kujificha. Ya pili ilikuwa juu sana milimani, huko ambako madume wazuri hukaa hadi theluji ya kwanza iwashushe. Simu haishiki, gari linaachwa mbali, na kila kilo ya nyama inarudi mgongoni mwa aliyeiua. Ya tatu ilikuwa kati ya hizo mbili, mabonde yanayopishana na vilima, ardhi ya umma iliyokumbatiana na shamba la mtu mmoja mwenye ng'ombe wengi. Hapo wanyama hupita wanaposhuka, ila lazima ujue mpaka uko wapi, maana upande huu wa waya ni ruhusa na upande ule ni kosa.

Unaona jinsi mambo yalivyo wazi ninapokuandikia sasa? Hayakuwa wazi hata kidogo. Baba aliuliza maswali, mimi nikayapeleka, majibu yakarudi na maswali mengine. Aliuliza kwanza kama serikali ya huko inajua. Baba alikuwa ameishi miaka mingi katika nchi ambayo kuwinda kumekatazwa, na alikuwa na habari za watu waliofungwa kwa ajili ya nyama ya porini. Kaka akajibu kwamba serikali ndiyo iliyompa kibali. Baba akakaa na jibu hilo siku nzima. Serikali inamiliki mnyama, halafu inampa mgeni karatasi akamuue? Na mnyama akimalizika? Kaka akajibu kwamba wanahesabu wanyama kabla ya kutoa vibali. Baba akataka kujua anayewahesabu anawafungia wapi.

Kisha ikaja habari ya pembe. Nilikuwa nimechapisha pia picha ya mnyama mwenyewe, dume limesimama kwenye theluji, limegeuza masikio yake makubwa kuelekea kwa aliyepiga picha. Baba aliishika ile picha mkononi kwa muda mrefu. Ukoo wetu, mwanangu, una mnyama wake kama koo nyingine za Kipsigis. Sisi ni watu wa cheptirgichet, yule paa mdogo wa vichakani. Hatumuui. Akiingia kwenye shamba la mahindi, wazee wetu walimwachia njia atoke kwa heshima zake. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mambo hayo hakuwa akiyataja nyumbani. Nilidhani ameyaacha zamani. Lakini aliishika ile picha, akaigeuza, akaitazama miguu myembamba na pua nyeusi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu si wa kwetu.

Nilisoma vitabu vingi chuoni na hakuna kilichonifundisha kama undugu wa ukoo unavuka bahari.

Baba akaagiza shangazi aitwe kutoka Merigi. Shangazi alikuwa dada yake mkubwa, mwanamke mrefu, mwepesi wa maneno, na katika jambo la ukoo kauli yake ilikuwa nzito kuliko ya Baba. Alifika akiwa na kibuyu cha maziwa na kiatu kimoja kilichojaa tope, akanywa chai, akauliza habari za kila ng'ombe kwa jina, ndipo akaomba picha.

"Miguu ni ya kwetu," akasema. "Kichwa sijui amekitoa wapi."

"Masikio ni ya punda," Baba akasema.

"Basi ni punda wa kwetu."

Nikawaeleza jambo ambalo kaka alinieleza, kwamba pembe za mnyama huyu huanguka kila mwaka na kuota upya. Wote wawili wakanigeukia.

"Zinaanguka zenyewe?" akauliza Baba. "Na yeye anabaki mzima?"

"Anabaki mzima."

"Kila mwaka," shangazi akasema, akitikisa kichwa. "Kama meno ya mtoto. Mnyama ambaye kila mwaka ni mtoto tena. Huyo hata kama si wa kwetu ni wa kuhurumiwa."

Baba alisema kwamba cheptirgichet haangushi pembe, kwa hiyo huyu si yeye. Shangazi akasema kwamba hata Kipng'eno amekaa kwenye baridi hadi amebadilika rangi, lakini bado ni mtoto wao. Wakabishana hivyo hadi ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa, na kila hoja ya mmoja ilinielea vizuri hadi mwenzake alipofungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu nikingoja uamuzi ili niupeleke. Nikawauliza, labda kwa haraka kidogo, basi nimwambie kaka nini, ni sehemu ya kwanza, ya pili au ya tatu?

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Wewe binti," akaniambia, "unabeba maneno ya kaka yako jinsi watu wanavyobeba majani kwenda kituoni. Yanapimwa, unapewa risiti, unarudi na gunia tupu. Umemuuliza kaka yako ana nini?"

"Ameniambia anataka kujua aende wapi, shangazi."

"Hilo ndilo alilosema. Mimi nimekuuliza ana nini."

Nilitaka kujitetea, kwamba nimehangaika, kwamba nimetembea kwenye matope hadi mjini kwa ajili ya milima ya watu. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilijua urefu wa vilima vya kule kuliko nilivyojua moyo wa kaka yangu. Nilikuwa nimeshughulika na swali lake hadi nikamsahau muulizaji.

Jioni ya siku iliyofuata nilimpigia mimi. Sikutaja ramani. Nilimuuliza kwa nini anaenda peke yake, na kwa nini ni Baba anayepaswa kumtafutia mahali, ilhali marafiki zake wa huko wamezaliwa kwenye milima hiyo.

Nilimsikia akifunga mlango upande wake.

"Marafiki wamenishauri," akasema. "Najua wanyama wako wapi. Hilo si shida."

"Shida ni nini, Kipng'eno?"

"Nimeishi huku na hakuna mahali nilipowahi kwenda ambapo Baba anapajua. Nyumba ninayolala yeye haijui. Kazi yangu haijui. Nikifika juu ya mlima peke yangu, nataka niwe mahali ambapo Baba amesema niende. Hata nikipotea, nipotee hapo."

Mwanangu, mimi ndiye mwalimu wa jiografia, nikakaa kwenye kiti cha jikoni na kulia. Halafu nikafanya jambo ambalo lilipaswa kufanyika tangu mwanzo. Sikumwambia Baba maneno ya kaka. Hayakuwa maneno ya kubebwa na mtu wa tatu. Nilitoka na simu, kaka akiwa bado hewani, nikavuka ua, nikamwekea Baba sikioni akiwa bado na mikono yenye maziwa, nikasema tu, "Ni Kipng'eno." Hakuwa na namna ya kuisukuma bila kuichafua.

Nilirudi nyuma hatua kadhaa, lakini sikuenda mbali. Nakiri kwamba nilisikiliza.

"Ee," Baba akasema. Akasikiliza. "Ee. Nimeona karatasi." Alipoendelea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. "Mimi huko sipajui, mwanangu. Huyo mnyama simjui. Mlima siujui. Shangazi yako anasema huenda ni wa kwetu na mimi nasema si wa kwetu, na hakuna anayejua kati yetu."

Sijawahi, kabla ya hapo wala baadaye, kumsikia baba yangu akimwambia mtoto wake kwamba hajui. Nilidhani mambo yameharibika. Nilidhani kaka atasema asante na kukata.

Lakini Baba aliendelea. "Enda pale penye yule mwenye ng'ombe. Ukifika, kabla hujaingia msituni, nenda kwake umsalimie. Mwambie wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi."

Kaka alisema kitu. Nadhani alimweleza kwamba ile ni ardhi ya umma na haihitajiki ruhusa ya mtu.

"Sijasema ruhusa," Baba akajibu. "Nimesema salamu. Mtu hapiti karibu na boma la mwenye ng'ombe kama mwizi. Na mwambie jina langu, ili kuwe na mtu huko anayelijua."

Baada ya hapo walizungumza mambo ambayo sikuyasikia, kwa sababu Baba alitoka zizini na kutembea kuelekea kwenye majani chai, simu sikioni, ndama akimfuata. Niliwaona kati ya mistari ya chai hadi ukungu wa jioni ukashuka na kuwafunika kiunoni. Ndoo ya maziwa ilibaki kwangu.

Utaniuliza ilikuwaje mwishoni. Najua utauliza, kila kijana niliyemsimulia habari hii ameuliza. Kipng'eno alienda. Alipiga hodi kwa yule mwenye ng'ombe, mzee mmoja na mke wake, nao wakamkaribisha jikoni, wakastaajabu kwamba kuna mtu aliyetumwa kutoka nchi nyingine kuja kuwasalimu tu. Hayo nayajua kwa sababu Baba alijivunia kwa kila mtu pale Sosiot, hata kwa madereva wa lori la majani. Lakini kama kaka alimwona yule dume mwenye masikio makubwa, na kama alipomwona alifyatua au alimwachia njia apite kama wazee wetu walivyofanya, hilo sijui hadi leo.

Nilisubiri simu wiki ile ya uwindaji na haikuja kwangu. Nilianza kuhangaika. Nilimwendea Baba kumuuliza kama tutafute namna ya kumpata kaka, nikamkuta ameketi kwenye benchi nje ya jiko, simu sikioni, akisikiliza kwa makini huku akitabasamu, na aliponiona akaniashiria kwa mkono nisubiri. Nikasubiri. Alipomaliza hakuniambia walichozungumza. Nikamuuliza kama Kipng'eno amempata mnyama. Akasema, "Amefika salama," akaondoka. Nilimuuliza kaka mwenyewe baadaye, akasema nimuulize Baba. Tangu siku hizo hawakunihitaji tena katikati yao, nami sikuweza kuamua kama nimefurahi au nimeachwa. Nadhani vyote viwili. Baba alipofariki, Kipng'eno alikuwepo, alikuja mapema akamuuguza, na yale waliyokuwa wakiambiana wameyaweka mahali ambapo mimi sina ufunguo.

Basi hili ndilo ninalotaka ulichukue, wewe unayejiandaa kwenda mbali kusoma au kutafuta kazi, na wewe uliyebaki nyumbani ukipokea simu zao. Mtu wako akikuuliza aende wapi, usikimbilie kumtafutia mahali. Kaa naye kwanza umjue anayeuliza. Ukiwa huna jibu, mwambie huna. Baba yangu alimpa mwanawe neno "sijui" na likamfaa kuliko ramani zangu zote. Maneno ya mtoto na mzazi wake usiyabebe muda mrefu, hata kama wanakuomba uyabebe. Wape simu, kisha wewe kamalizie kukamua. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayechagua, uko peke yako mbele ya njia kadhaa zote zisizo na jina la kwenu, usitafute tu penye mawindo mengi. Tafuta mahali ambapo kuna mtu wa kumsalimu unapofika, na ambapo mtu wa nyumbani anaweza kupataja akikuombea. Utabaki umechanganyikiwa hata hivyo. Mimi bado nimechanganyikiwa, na nina mvi. Lakini utakuwa umechanganyikiwa ukiwa unajulikana uliko.

Nenda salama, mwanangu. Mungu wa baba zetu akufungulie mlango wa mgeni mwema kila utakapobisha, alifanye jina la wazazi wako liwe tamu kinywani mwako mbele za watu wasiolijua, na akikurudisha kwetu akurudishe mzima, utukute bado tupo.